Kigari cha gofu cha umeme hakimalizi siku tena: ni betri, ni matairi, au ni mlima?

MsimamiziIlboru

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba mawazo yenu kabla sijaidhinisha fedha za kununua betri mpya, kwa sababu bei niliyotajiwa ni kubwa na ninahofia kumnunulia dawa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana.

Ninasimamia nyumba ya wageni iliyoko Ilboru juu, upande wa Mlima Meru. Geti na mapokezi viko chini, karibu na barabara, na vyumba vimejengwa juu kwenye mteremko, katikati ya migomba. Kutoka getini hadi chumba cha mwisho ni mita 1,100 za njia ya changarawe yenye mawe hapa na pale, na kwa kipimo cha simu yangu chumba hicho kiko juu ya geti kwa mita 70. Wageni na mizigo yao hupandishwa kwa kigari cha gofu cha umeme, cha volti 48, chenye betri sita za maji za volti 8 kila moja. Betri hizo zina umri wa miaka miwili na nusu. Mota ni ya mtindo wa zamani, ile isiyorudisha umeme kwenye betri wakati gari linaposhuka.

Kwa miaka miwili ya kwanza kigari kilimudu kupanda mara 14 kwa siku, kikiwa na watu wanne, kabla dereva hajaanza kulalamika kwamba kimelegea. Desemba iliyopita, tukijiandaa kwa wageni wa sikukuu, tulikipeleka kwa fundi mmoja mjini akakiinua juu, akaondoa matairi ya kipenyo cha inchi 18 na kufunga ya inchi 22 yenye meno makubwa, akaongeza siti ya nyuma ya watu wawili, taa za ziada na redio yenye spika mbili. Spidi nayo ilipanda, jambo ambalo dereva alilifurahia sana. Tangu hapo betri zinaisha moto baada ya kupanda mara nane tu, na mara mbili wageni wameshuka na kumalizia njia kwa miguu.

Fundi anasema betri zimechoka. Rafiki yangu mwenye kigari cha aina hiyohiyo huko Usa River, ambako wanatumia tambarare tupu, anasema chake kinazunguka siku nzima. Je, betri zangu zimekufa kweli, au tumekiharibu kigari kwa mikono yetu wenyewe?

FundiPasua

Pole sana, ndugu yangu. Ninatengeneza vigari hivi hapa Moshi, pamoja na bajaji za umeme siku hizi, na ninaweza kukuambia kwamba wateja wengi wanaoniletea kigari chenye «betri mbovu» wananiletea kwa kweli kigari chenye matairi makubwa.

Kigari cha gofu hakina giaboksi ya kubadilisha. Kina gia moja tu kwenye difu, yaani boksi la gia la ekseli ya nyuma, iliyopangwa na kiwanda ilingane na tairi dogo. Ukiweka tairi kubwa umepandisha gia bila kujua: kila mzunguko mmoja wa mota sasa unasogeza gari umbali mrefu zaidi, ndiyo maana spidi ya tambarare ilipanda na dereva wako akafurahi. Lakini dereva wa Noah anayepanda Kibosho hapandi kwa gia ya tatu. Akijaribu, injini itagoma na kuzimika. Mota ya umeme haina adabu hiyo ya kuzimika. Yenyewe inaendelea kusukuma, inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye betri, inapata joto, na mwenye gari hajui lolote mpaka siku waya zinaponuka.

Kabla ya kununua chochote, nyanyua gari kwa jeki na uzungushe kila gurudumu la nyuma kwa mkono likiwa kwenye nyutro. Fundi anapoinua gari, mara nyingi kebo za breki za mkono hubaki zimevutika, kwa hiyo breki shuu zinagusa ngoma muda wote na wewe unapanda mlima huku umeshika breki. Ukishamaliza safari moja, weka kiganja karibu na kila rimu. Ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo inayokula chaji yako. Kisha pima upepo. Matairi yenye meno makubwa huonekana magumu hata yakiwa na upepo mdogo, hivyo watu huyaacha na paundi 10 au 12 pale ambapo yangehitaji kukaribia 20.

Na umwulize dereva wako swali moja bila kumtisha: anaposubiri mgeni mahali penye mwinuko, je, anakanyaga breki, au analishikilia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo? Tunaita mafuta ingawa hakuna mafuta. Tabia hiyo ya pili inaunguza mota ikiwa imesimama, na chaji inapotea bila gari kusogea hata hatua.

Kwa mawazo yangu, rudisha matairi ya zamani. Hilo ndilo jibu.

MwalimuNjiro

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hili limenifanya nitafute karatasi na kalamu. Ninakubaliana na Fundi katika mengi, lakini matairi peke yake hayawezi kubebeshwa lawama yote, na nitaeleza kwa nini.

Kupandisha uzito hadi kimo fulani kuna gharama ambayo haipunguzwi na ufundi wowote. Ukipandisha ndoo ya maji ghorofani, iwe kwa ngazi au kwa kamba, kazi ya kuinua yale maji ni ileile. Kigari chako kabla ya mabadiliko, pamoja na betri zake, nakadiria kilikuwa na kilo 450, na watu wanne wa kilo 70 wanaongeza 280, jumla 730. Kuinua kilo 730 kwa mita 70 kunahitaji nishati ya karibu 0.14 ya uniti, nikimaanisha uniti ileile tunayonunua kwenye LUKU, yaani kilowati-saa. Ukinzani wa magurudumu juu ya changarawe kwa mita 1,100 unaongeza kama 0.055. Kwa kuwa mota, nyaya na difu hupoteza sehemu ya umeme kama joto, tuseme asilimia 70 tu ya kinachotoka kwenye betri ndiyo inayofika ardhini, basi kila upandaji ulikugharimu karibu 0.28 ya uniti. Kushuka ni bure, kwa kuwa mteremko wenyewe unatosha kuliviringisha gari, ila kwa mota ya aina yako hurudishiwi kitu. Kile ulicholipa wakati wa kupanda kinageuka kuwa joto kwenye breki.

Sasa tuangalie mfukoni kuna kiasi gani. Betri ya volti 8 inayotumika sana kwenye vigari hivi huandikwa ampea-saa 170, ambacho ni kipimo cha umeme inaoweza kutoa. Mtu akizidisha 170 kwa volti 48 anapata uniti 8 na kidogo, kisha anajiuliza zimekwenda wapi. Namba hiyo ya 170 hupatikana betri ikitolewa umeme polepole kwa muda wa saa 20, na hakuna anayeendesha kigari namna hiyo. Wilhelm Peukert, mwanasayansi wa Kijerumani, alieleza mwaka 1897 kwamba betri ya risasi, yaani hizi zetu za maji, kadiri inavyokamuliwa kwa nguvu ndivyo inavyotoa kiasi kidogo zaidi kwa jumla. Betri hizohizo, zikitoa ampea 56 mfululizo, hudumu kwa dakika 110 hadi 120 zikiwa mpya, yaani hutoa kama ampea-saa 107 tu. Hapo una uniti 5 na kidogo, na kwa kuwa hupaswi kuzikausha kabisa, unabaki na uniti 4 za kutumia. Gawanya 4 kwa 0.28: ni safari 14. Nimefurahi kuona hesabu yangu inalingana na kumbukumbu yako, ingawa nakiri kwamba makadirio mawili matatu ndani yake yangeweza kusogea huku au kule.

Baada ya mabadiliko, watu wawili wa nyuma ni kilo 140, na siti, vyuma vya kuinulia, matairi na spika ni kama kilo 60 nyingine. Umefika kilo 930. Nishati ya kuinua peke yake imepanda hadi 0.18 ya uniti, na matairi yenye meno makubwa yameongeza ukinzani wa changarawe hadi 0.08 au zaidi. Hadi hapa sijagusa kabisa suala la gia alilolieleza Fundi.

Nikiligusa sasa, inchi 22 kwa 18 ni ongezeko la asilimia 22. Ili kusukuma gari kwa nguvu ileile ardhini, mota inapaswa kuzungusha kwa nguvu zaidi kwa kiwango hicho, na mota iliyoelemewa huongeza ampea zake karibu kwa kiwango hichohicho. Joto linalopotea kwenye nyaya na koili halifuati ampea moja kwa moja, linafuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe: 1.22 mara 1.22 ni karibu 1.49. Umeongeza asilimia 22 ya umeme, umeongeza karibu nusu nzima ya joto. Badala ya asilimia 70 kufika ardhini, tuseme sasa inafika 62. Kwa hiyo kila upandaji unagharimu karibu 0.42 ya uniti, huku zile uniti 4 nazo zikipungua kidogo, kwa sababu ya Peukert yuleyule. Nikipiga hesabu nzima ninapata safari tisa.

Umesema unapata nane. Kwa maneno mengine, hata kama betri zako zingekuwa nzima kabisa, ungetarajia tisa. Tofauti ya safari moja ndiyo ninayoweza kuilaumu betri, na hiyo nisingeitolea milioni kadhaa bila kupima kwanza.

Kuhusu rafiki yako wa Usa River, msilinganishe. Umbali uleule kwenye changarawe tambarare, akiwa na watu wanne, ungemgharimu chini ya theluthi moja ya unachotumia wewe kupanda. Ni kweli kwamba yeye analipa pia wakati wa kurudi na wewe unashuka bure, lakini bado kwa safari ya kwenda na kurudi anatumia kama nusu tu ya matumizi yako, na betri zake zinakamuliwa polepole. Kilomita zake na kilomita zako si bidhaa moja.

MsimamiziIlboru

Shikamoo Mwalimu, na asante sana, Fundi. Nimefanya mliyosema leo asubuhi.

Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa gumu kuzungusha, na baada ya safari moja rimu yake ilikuwa na joto ambalo la kulia halikuwa nalo. Kebo imelegezwa. Upepo ulikuwa paundi 11 matairi yote manne, nimejaza hadi 20. Dereva amekiri, huku akicheka, kwamba hushikilia gari kwa pedali anaposubiri mbele ya chumba namba sita, kwa sababu breki ya mkono haimpi imani.

Nimepima pia betri kwa mita, asubuhi kabla gari halijaondoka, zikiwa zimechajiwa usiku kucha na kupumzika kwa muda wa saa tatu. Nne zimeonyesha volti 8.4 na pointi. Mbili za mbele zimeonyesha 8.1. Je, hizo mbili ndizo zimekufa?

MtunzaVigari_Moshi

Kaka, kabla hujazizika hizo mbili, fuatilia nyaya za taa na redio zimeanzia wapi. Ninasimamia vigari kwenye uwanja wa gofu huku Moshi, na nimekutana na kisa hiki zaidi ya mara moja. Taa na redio hutumia volti 12, gari lina 48, na fundi asiyetaka kununua kipunguza umeme cha volti 48 huchukua njia ya mkato kwa kuunganisha kwenye betri mbili za mwanzo peke yake, kisha anaweka kipunguzaji kidogo cha bei rahisi. Kuanzia siku hiyo betri mbili zinavuta gari pamoja na wenzao na bado zinapiga muziki wa wageni. Chaja haiwezi kujua. Yenyewe inapitisha umeme uleule katika betri zote sita, inaona jumla ya volti imefika, inazima. Nne zimeshiba, mbili zimeondoka mezani na njaa, na kila siku pengo linaongezeka. Betri ya risasi ikiishi na njaa kwa miezi, bamba zake huota salfa ngumu, na hapo ndipo huwa imekufa kweli.

Matumizi ya redio na taa kwa jumla ni madogo, sitaki mtu afikiri kwamba muziki ndio unaomaliza chaji ya mlimani. Tatizo ni kwamba yanachukuliwa mahali pamoja.

Hamisha nyaya hizo zipite kwenye kipunguzaji kinachochukua volti zote 48. Kisha kagua maji. Kama bamba limeonekana juu ya maji, ongeza kidogo lifunikwe ndipo uchaji, na ujazo kamili uufanye baada ya kuchaji, la sivyo yatafurika na kula chuma cha chini. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa tu. Ninasema hivi kwa sababu huku kwetu mtu huona maji ya mlimani ni meupe na baridi akadhani ni safi, wakati maji ya upande wa Meru hasa yanajulikana kwa floraidi na madini mengine, na madini yakishaingia kwenye betri hayatoki. Baada ya hapo, kama chaja yako ina chaji ya kusawazisha, ipe betri zote saa chache za ziada, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha upime tindikali ya kila chumba cha betri kwa haidromita. Vyumba vilivyoshiba husoma kati ya 1.260 na 1.280. Betri ambayo chumba chake kimoja kimebaki chini sana peke yake baada ya yote hayo ndiyo unayoweza kuiaga.

Usije ukanunua mbili mpya ukazichanganya na nne za miaka miwili na nusu bila kufikiri. Zikichanganywa, mpya hufuata hali ya zile kuukuu upesi kuliko unavyotarajia.

Niongeze jambo kuhusu ardhi, kwa kuwa Mwalimu amezungumzia mlima na changarawe tu. Uwanjani kwetu hakuna mwinuko wa kutisha, lakini majani ni mlima wa aina yake. Mvua za masika zikishalowesha uwanja, magurudumu huzama kidogo na kila mita gari linakuwa kama linapanda kutoka kwenye shimo dogo. Kigari kilekile kinachomaliza mizunguko miwili ya mashimo 18 wakati wa kiangazi, mwezi wa nne ninakirudisha kwenye chaja baada ya mzunguko mmoja na nusu. Na Julai, asubuhi zikiwa na ubaridi, betri za risasi hutoa pungufu tena, kwa sababu uwezo wao hupimwa kwenye nyuzi 25 na kitu. Kwenye nyuzi 13 au 14 za Ilboru alfajiri, usishangae sehemu moja ya kumi ikikosekana. Hiyo si betri mbovu, ni majira ya mwaka.

FundiPasua

Dada MtunzaVigari amesema kweli kuhusu nyaya, nami niliisahau. Na kwa Mwalimu ninainua mikono kuhusu uzito. Huwa nalaumu matairi kwa sababu ndiyo ninayoyaona; watu wa siti ya nyuma wakifika kwangu wameshashuka.

Nitetee kidogo matairi makubwa, nisije nikaonekana ninayachukia. Mahali penye matope na mawe makubwa, gari fupi hugonga difu, na tairi linaloteleza linakula chaji bila kupanda. Ukiyahitaji kweli, badilisha na gia za difu ziwe za uwiano wa chini zaidi, ili mota irudi kuzunguka kwa wepesi wake wa awali. Wateja wangu huwa hawataki kwa sababu spidi inashuka. Kwa hiyo mtu analipia tairi ili apate spidi, halafu analipia betri kwa sababu ya ile spidi. Wengine hufunga kontrola (kifaa kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani) ya ampea 400 au 500 ili gari lipande kwa kishindo, nalo hupanda kweli, lakini kontrola haizalishi umeme. Inafungua tu bomba liwe pana zaidi, na tangi ni lilelile.

Jambo jingine ambalo halijasemwa ni usalama. Kigari kilichoinuliwa, chenye abiria wawili wanaotazama nyuma na kuning'inia nje ya ekseli, kikipanda mteremko mkali, uzito wote unakimbilia nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Usiruhusu kikate kona ya mlimani kwa spidi, na usiruhusu kipite mteremko kwa ubavu.

Mgeni_Sakina

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini asiweke betri za lithiamu moja kwa moja akaachana na maji na haidromita?

MwalimuNjiro

Swali lako ni halali, na jibu fupi ni kwamba siku betri zake zitakapokufa kweli, afikirie lithiamu. Betri sita za risasi zina uzito wa kama kilo 175, na pakiti ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ina karibu kilo 50. Hiyo ni kama kuwashusha abiria karibu wawili kabla ya kuanza kupanda. Pakiti hiyo ina uniti 5 kwa hesabu, na tofauti na risasi inaweza kukupa zaidi ya 4 kati ya hizo hata ukiikamua kwa nguvu, kwa hiyo yale malalamiko ya Peukert karibu hayapo.

Lakini ndani yake kuna kompyuta ndogo ya ulinzi ambayo hukata umeme ghafla ampea zikizidi kiwango, na mahali ampea zinapozidi ni katikati ya mlima, kigari kikiwa kimejaa, kikiwa na matairi ya inchi 22. Betri ya risasi hukulegeza polepole; ya lithiamu iliyochaguliwa vibaya hukuacha umesimama. Anayenunua aulize pakiti inaruhusu ampea ngapi mfululizo na ngapi kwa sekunde chache, na anunue chaja yake, kwa sababu chaja ya betri za maji haimfai. Akiwa hajarekebisha matairi na uzito, atakuwa amehamisha tatizo lilelile kwenye betri ya bei kubwa zaidi.

MsimamiziIlboru

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu, na ninaleta namba kwa sababu niliahidi kutonunua kitu kabla ya kupima.

Nyaya za taa na redio zilikuwa kwenye betri mbili za mbele, kama Dada alivyotabiri bila kuliona gari. Tumezihamisha. Vyumba vitatu vya betri hizo vilikuwa na maji chini ya bamba. Baada ya kujaza na kusawazisha mara mbili, zimefika volti 8.3 na pointi baada ya kupumzika, bado nyuma kidogo ya wenzake, lakini haidromita haikuonyesha chumba kilichokufa.

Nilianza kwa kuacha matairi makubwa ili nione tofauti ya kila kitu peke yake. Kwa breki iliyolegezwa, upepo wa kutosha, na betri zilizosawazishwa, kigari kikiwa na watu sita kilipanda mara tisa, kisha siku iliyofuata mara tisa tena. Mwalimu, nilikukumbuka. Wiki ya tatu tukarudisha matairi ya inchi 18, ambayo kwa bahati hayakuwa yameuzwa, na kigari kimepanda mara 11 kikiwa na watu sita. Watu sita mara 11 ni 66, wakati zamani watu wanne mara 14 walikuwa 56. Kwa hesabu ya vichwa, ninabeba wengi kuliko mwaka juzi kwa betri zilezile. Nilikuwa nahesabu safari, na mkurugenzi wangu aliponiuliza ni wageni wangapi sikuwa na jibu.

Dereva amenuna kwa ajili ya spidi. Tumemtengenezea breki ya mkono na kuweka gogo la kuegeshea gurudumu mbele ya chumba namba sita, hivyo hana sababu tena ya kushikilia gari kwa pedali. Ombi la fedha za betri nimelirudisha kwenye faili.

Limebaki swali dogo. Wageni wengi hufika jioni kwa mkupuo mmoja, tukapanda mara sita mfululizo bila kupumzika, na safari ya sita gari linakuwa zito, ingawa kesho yake asubuhi bila kuchaji linaonekana kama limepona. Ni kitu cha kunitia wasiwasi?

MwalimuNjiro

Marahaba, na hongera kwa kupima kitu kimoja kimoja. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa na subira hiyo. Kuhusu jioni, tindikali iliyo karibu na bamba huisha kabla ile ya mbali haijapata muda wa kusogea, na betri ikipumzika inasambaa tena, ndiyo maana inaonekana imepona. Wape wageni dakika kumi za chai pale mapokezi kati ya kundi na kundi. Usiliache gari lilale bila chaji baada ya jioni kama hiyo, hata kama asubuhi linaonekana zima, na kama umeme wenu hukatika usiku, mtu ahakikishe alfajiri kwamba chaja ilimaliza kazi na haikuishia njiani.

FundiPasua

Na yale matairi ya inchi 22 usiyatupe. Hapa Pasua kuna mchomeleaji anayetengeneza matoroli ya kubebea mbolea, na rimu za matundu manne anazitafuta kila siku.